Majaribio Yaliyofungiwa Kabatini: Maswali Yenu Kuhusu Dawa za Sonona

Katika toleo lililopita tulieleza namna dawa za sonona zinavyofanya kazi mwilini. Barua zilizofuata hazikuhangaika sana na ubongo wala kemikali zake. Nyingi ziliuliza kama tafiti zinazozisifu dawa hizo ni za kuaminika. Tumechagua barua tano, tumezifupisha, na majina ya walioandika tumeyahifadhi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfamasia katika duka la dawa hapa Dodoma. Mteja mmoja aliniambia amesikia kwamba nusu ya tafiti za dawa za sonona zilifichwa kwa sababu zilionyesha kuwa dawa hizo hazifanyi kazi. Nilitaka kumkatalia, lakini sikuwa na hoja. Je, ni kweli?

JIBU: Mteja wako ana sehemu ya ukweli, lakini amechanganya mambo mawili, na ukimkatalia yote kwa pamoja utakuwa umekosea kama yeye. Ni kweli kwamba karibu nusu ya majaribio yaliyofanywa na kampuni za dawa hayakuonyesha kwa uhakika kwamba dawa inaizidi plasebo, yaani kidonge kinachofanana na dawa kwa rangi na umbo lakini ndani hakina dawa. Ni kweli pia kwamba mengi kati ya majaribio hayo hayakuchapishwa. Hata hivyo haifuati kwamba dawa zenyewe ni bure. Kilichoharibika ni hesabu ya faida yake, ambayo ilikuzwa kuliko ilivyo.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitolewa Januari 2008 katika jarida la New England Journal of Medicine na Erick Turner pamoja na wenzake. Turner ni daktari wa magonjwa ya akili wa Oregon, Marekani, aliyewahi kuwa mkaguzi katika mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, FDA, na kwa hiyo alijua jambo ambalo madaktari wengi hawakuwa wamelifikiria: kampuni inayotaka kuuza dawa Marekani hulazimika kuiarifu FDA, kabla ya kuanza, juu ya majaribio inayokusudia kuyatumia kuombea kibali, ikieleza ni kipimo gani kitakachohesabika na kitachambuliwaje, na baadaye hukabidhi matokeo yake, mazuri na mabaya. Jarida la kitabibu, kwa upande wake, huona kile tu ambacho mwandishi ameamua kukipeleka. Jaribio moja basi huwa na kumbukumbu mbili, moja katika majalada ya serikali na nyingine maktabani, na kazi aliyoifanya Turner ilikuwa kuzisoma kumbukumbu hizo mbili sambamba.

Alichukua dawa 12 zilizoidhinishwa kati ya mwaka 1987 na 2004, zenye majaribio 74 na wagonjwa 12,564. FDA ilikuwa imeyahesabu majaribio 38 kuwa yamefaulu, na 36 yaliyobaki kuwa yameshindwa au yana mashaka. Kati ya yale 38, yalichapishwa 37. Kati ya yale 36, matatu tu yalichapishwa yakikiri wazi kwamba hayakufaulu. 22 hayakuchapishwa kabisa. Na 11 yalichapishwa kwa namna iliyomfanya msomaji aamini kwamba yamefaulu. Sasa jumlisha kama daktari aliyekaa maktabani: mbele yake yapo majaribio 51 yaliyochapishwa, na kati yake 48 yanaisifu dawa, yaani asilimia 94. Mkaguzi wa FDA, mwenye majalada yote 74 mezani, aliona asilimia 51. Ni sawa na nahodha anayeandika katika daftari siku alizopata samaki tu: kila kilichoandikwa kinaweza kuwa cha kweli, lakini atakayenunua chombo kwa kulisoma daftari hilo amepunjwa.

Watu wengi wanapoisimulia habari hii hukazia yale majaribio 22 yaliyonyamaziwa. Mimi naona yale 11 yalileta hasara kubwa zaidi. Jaribio lisilochapishwa huacha pengo, na mtafiti mwangalifu anaweza kulishuku pengo hilo, akalitafuta, hata akalikadiria kwa njia za takwimu. Lakini jaribio lililoshindwa likavikwa vazi la ushindi huingia katika hesabu likiwa na sura ya ushahidi halali, likanukuliwa, likafundishwa vyuoni, na likatumika kuandika miongozo ya matibabu.

Je, faida ya dawa ilikuzwa kwa kiasi gani? Kwa ujumla ni karibu theluthi moja, asilimia 32, ingawa kwa dawa mojamoja ilianzia asilimia 11 hadi 69. Ukubwa wa athari ya dawa ikilinganishwa na plasebo ulisomeka 0.41 katika makala zilizochapishwa, na 0.31 katika majalada ya FDA. Tarakimu hizo hazimwambii kitu mtu aliyesimama kaunta, kwa hiyo tuzigeuze. Sonona katika majaribio mengi hupimwa kwa dodoso la Hamilton, lenye maswali 17 na alama zisizozidi 52. Tukichukulia kwamba alama za wagonjwa zina mtawanyiko, yaani umbali wa kawaida kutoka wastani wao, wa 8, basi 0.41 mara 8 ni tofauti ya alama 3.3 hivi, na 0.31 ni alama 2.5 hivi. Inaonekana kama tofauti ndogo, lakini ukilifungua dodoso lenyewe utaona kwamba maswali matatu ya usingizi, yaani kuchelewa kulala, kuamka usiku wa manane na kuamka alfajiri mno, yana alama 6 kwa jumla, kwa hiyo dawa inayomlaza mgonjwa vizuri inaweza kumshushia alama kadhaa hata kama huzuni yake iko palepale. Mahali ambapo faida yenyewe ni ya alama mbili au tatu, nyongeza isiyo halali ya karibu alama moja inatosha kubadili uamuzi wa daktari.

Lipo jambo la kuwaonea haki wenye dawa. Jaribio kushindwa si lazima kuwe na maana kwamba dawa haina nguvu. Huenda wagonjwa walikuwa wachache mno, au kundi la plasebo lilipata nafuu kubwa kiasi kwamba dawa haikupata nafasi ya kulizidi. Kwa sababu hiyo FDA kwa kawaida imekuwa ikitaka majaribio mawili yaliyofaulu, bila kuyapunguza kwa idadi ya yale yaliyoshindwa. Mwambie mteja wako, basi, kwamba kibali kinathibitisha kuwa dawa imeweza kuizidi plasebo, lakini hakisemi ilijaribiwa mara ngapi ikashindwa.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa tatu, Nairobi. Tunafundishwa kwamba makala za majarida hupitiwa na wataalamu kabla ya kuchapishwa. Inawezekanaje jaribio lililoshindwa lipite mikononi mwa wataalamu hao na litoke limefaulu?

JIBU: Mtaalamu anayepitia makala husoma makala, hasomi jaribio. Kwa miaka mingi hakuwa na itifaki mkononi, yaani ule mpango ulioandikwa kabla ya mgonjwa wa kwanza kuandikishwa, na bila itifaki hakuwa na njia ya kujua kama kipimo kinachosifiwa mbele yake ndicho kilichokusudiwa tangu mwanzo au kiliokotwa baadaye.

Mfano unaofaa kusomwa kwa makini ni Utafiti 329, jaribio la paroksetini, dawa inayouzwa kwa jina la Paxil huko Marekani na Seroxat Uingereza. Kampuni ya SmithKline Beecham iliuendesha Marekani na Canada katika miaka ya 1990. Vijana 275 wenye sonona, wa umri wa miaka 12 hadi 18, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: 93 walipewa paroksetini, 95 walipewa imipramini, ambayo ni dawa ya zamani, na 87 walipewa plasebo, kwa muda wa wiki nane. Itifaki ilitaja vipimo viwili vikuu na sita vya ziada. Wiki nane zilipokwisha na hesabu kufanywa, hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo vinane kilichoonyesha kwamba paroksetini inaizidi plasebo.

Hapo ndipo kazi ya kalamu ilipoanza. Watafiti waliozisoma baadaye nyaraka za ndani za kampuni, zilizotoka hadharani kwa njia ya kesi mahakamani, walikuta vipimo vingine visivyopungua 19 vilivyoongezwa. Kati ya vipimo vyote 27 vinavyojulikana, vinne viliipendelea paroksetini. Ninakuomba ufanye hesabu hii mwenyewe, kwa kuwa itakusaidia kila utakaposoma makala ya utafiti: kipimo kimoja huhesabiwa kuwa kimefaulu ikiwa uwezekano wa kuipata tofauti hiyo kwa bahati tu ni chini ya asilimia 5; kwa hiyo ukipima vitu 20 visivyotegemeana kwa dawa isiyo na nguvu yoyote, uwezekano wa angalau kimoja kufaulu kwa bahati ni asilimia 64. Mwenye subira ya kuongeza vipimo hakosi cha kutangaza.

Makala ilitoka mwaka 2001 katika jarida la chuo cha madaktari wa akili wa watoto na vijana wa Marekani, ikiwa na jina la Martin Keller wa Chuo Kikuu cha Brown mbele ya majina ya wenzake, ingawa rasimu yake ya kwanza iliandikwa na mwandishi aliyelipwa na kampuni. Ilihitimisha kwamba paroksetini kwa ujumla inavumilika vizuri na inawafaa vijana wenye sonona. Waraka wa ndani wa kampuni wa mwaka 1998 ulikuwa umekwisha kuonya kwamba kibiashara haikubaliki kuandika kuwa ufanisi haukuthibitika, kwa sababu maneno hayo yangeiharibia dawa sifa. Madhara nayo yalifunikwa kwa lugha: vijana waliopata mawazo au vitendo vya kutaka kujiua waliwekwa katika fungu lililoitwa kuyumba kwa hisia, jina ambalo muuguzi wa zamu angelisoma na kupita bila kushtuka.

Yaliyofuata yanajulikana. Juni 2003 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitangaza kwamba paroksetini isitumiwe kutibu sonona kwa walio chini ya miaka 18. Juni 2004 Eliot Spitzer, mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, aliishtaki GlaxoSmithKline, kampuni iliyozaliwa baada ya SmithKline Beecham kuungana na Glaxo Wellcome, na miezi miwili baadaye shauri lilimalizwa kwa malipo ya dola milioni 2.5 na ahadi ya kuweka hadharani matokeo ya majaribio yake, bila kampuni kukiri kosa. Mwaka 2012 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola bilioni 3 kumaliza mashtaka kadhaa ya serikali ya Marekani, na mojawapo ya makosa iliyokiri lilihusu kuitangaza paroksetini kwa walio chini ya miaka 18. Mwaka 2015 kundi jingine la watafiti liliuchambua upya Utafiti 329 kwa kufuata itifaki ya asili na kuchapisha matokeo katika jarida la BMJ: paroksetini haikuizidi plasebo, na madhara yalikuwa mengi zaidi kuliko makala ya kwanza ilivyosema.

Kwa hiyo ukipewa makala kuisoma darasani, usianzie kwenye muhtasari. Tafuta namba ya usajili wa jaribio, fungua rejesta, yaani orodha ya wazi ya mtandaoni ambamo majaribio husajiliwa, na linganisha kipimo kikuu kilichosajiliwa na kile kilichoripotiwa. Vikitofautiana na mwandishi hakueleza sababu, una haki ya kuishuku makala nzima, hata iwe imechapishwa katika jarida lenye jina kubwa kiasi gani.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Mombasa. Daktari alinianzishia fluoksetini na nimepata nafuu, lakini niliposoma habari za tafiti zilizofichwa nilianza kufikiria kuacha. Isitoshe, mpwa wangu wa miaka 16 naye ameandikiwa dawa ya aina hiyo. Nifanye nini?

JIBU: Pole kwa maradhi, mwalimu, na hongera kwa nafuu. Usiache dawa kwa ghafla kwa sababu ya makala yoyote, ikiwemo hii. Kuacha dawa za sonona bila mpangilio kunaweza kuleta kizunguzungu, wasiwasi, kukosa usingizi na hisia kama za shoti ya umeme kichwani, na maradhi yenyewe yanaweza kurudi. Kama unataka kupunguza, panga na daktari wako, apunguze kidogokidogo.

Kuhusu ushahidi, inafaa ujue yaliyotokea baada ya majalada kufunguliwa. Mwezi mmoja baada ya Turner, Irving Kirsch na wenzake walichapisha uchambuzi wa majaribio 35 ya dawa nne, fluoksetini ikiwa mojawapo, wakitumia takwimu zilizokabidhiwa FDA. Waliotumia dawa walipungua alama 9.6 katika dodoso la Hamilton, na waliotumia plasebo walipungua alama 7.8. Vyombo vya habari vilitangaza kwamba dawa hazifanyi kazi. Soma tena tarakimu hizo kwa utulivu: wagonjwa wa makundi yote mawili walipata nafuu kubwa, na dawa iliongeza kidogo juu yake, huku nyongeza hiyo ikionekana kubwa zaidi kwa wale waliokuwa wagonjwa sana. Nafuu uliyoipata ni ya kweli, ingawa haiwezekani kujua kwa mtu mmoja ni sehemu gani imetokana na kidonge, ni ipi imetokana na matumaini na kuangaliwa, na ni ipi ingekuja yenyewe.

Mwaka 2018 Andrea Cipriani na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet uchambuzi mkubwa wa majaribio 522 yenye washiriki 116,477, wakijumuisha kwa makusudi na yale ambayo hayakuwa yamechapishwa. Dawa zote 21 walizozichunguza ziliizidi plasebo kwa watu wazima wenye sonona, na amitriptilini, ambayo ni dawa kongwe na ya bei nafuu, ilitangulia kwa ufanisi. Fluoksetini na amitriptilini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ndiyo sababu mara nyingi huzikuta katika vituo vyetu vya afya.

Hata hivyo, si kila dawa ilisalimika. Reboksetini iliruhusiwa katika nchi za Ulaya tangu mwaka 1997, ilhali Marekani haikuipa kibali. Taasisi ya Ujerumani inayopima ubora wa matibabu, IQWiG, ilipoitaka kampuni ya Pfizer itoe orodha kamili ya majaribio, kampuni ilikataa mwanzoni, na ikayatoa baada ya taasisi kutangaza hadharani kwamba haiwezi kuipa dawa hiyo alama yoyote bila takwimu hizo. Ilibainika kwamba asilimia 74 ya takwimu za wagonjwa hazikuwa zimechapishwa. Uchambuzi uliotolewa na BMJ mwaka 2010 ulionyesha kwamba zikijumlishwa zote, reboksetini haikuizidi plasebo kwa ufanisi, ilizidiwa na dawa za kundi la fluoksetini, na ilikuwa na madhara zaidi. Makala zilizochapishwa zilikuwa zimekuza faida yake juu ya plasebo kwa kiwango kilichofikia asilimia 115. Wapo wagonjwa waliomeza dawa hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, na madaktari waliowaandikia hawakuwa wazembe: walisoma kila kilichokuwepo cha kusoma.

Kuhusu mpwa wako, jibu ni tofauti, na sitaki ulichanganye na lako. Kwa vijana ushahidi ni dhaifu zaidi na hatari ni kubwa zaidi. FDA ilipokusanya majaribio 24 ya watoto na vijana wapatao 4,400, iliona mawazo au vitendo vya kutaka kujiua kwa takriban asilimia 4 ya waliotumia dawa dhidi ya asilimia 2 ya waliotumia plasebo, ingawa hakuna aliyejiua katika majaribio hayo, na Oktoba 2004 iliamuru onyo zito kabisa liwekwe kwenye maelezo ya dawa hizo. Fluoksetini ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi kwa umri huo. Ulizeni jina halisi la dawa aliyoandikiwa, ulizeni kwa nini imechaguliwa hiyo, na hasa katika wiki za mwanzo na kila dozi inapobadilishwa mtu mzima wa nyumbani awe karibu naye. Akianza kutotulia kuliko kawaida yake, kuzungumzia kifo au kujitenga ghafla, msingoje siku ya kliniki. Mpelekeni siku hiyohiyo.

SWALI: Natoa ushauri nasaha katika kanisa moja Arusha. Kama kampuni za dawa ndizo zenye tamaa, basi si bora wagonjwa wetu watibiwe kwa mazungumzo ambayo hayauzwi na mtu?

JIBU: Mazungumzo yana nafasi yake kubwa, lakini hoja yako ya tamaa haifiki mbali. Ellen Driessen na wenzake walifuatilia fedha zilizotolewa na taasisi za afya za serikali ya Marekani kati ya mwaka 1972 na 2008 kwa ajili ya majaribio ya tiba ya mazungumzo kwa sonona. Kati ya majaribio 55, matokeo ya 13 hayakuchapishwa, na wahusika walipoombwa takwimu zao na kuzijumlisha na zilizochapishwa, faida ya tiba hiyo ilishuka kwa robo nzima, kutoka 0.52 hadi 0.39. Hapakuwa na kampuni ya dawa wala hisa za mtu. Palikuwepo mtafiti anayehitaji kupandishwa cheo, mhariri anayependa habari mpya, na matokeo yasiyovutia yanayoachwa kwenye droo mpaka yanasahaulika. Endelea na ushauri wako, na mgonjwa aliyezidiwa mpeleke hospitali.

SWALI: Ninafanya kazi katika mradi wa utafiti Mwanza. Tumemaliza jaribio dogo la kuwasaidia wagonjwa wa VVU wenye sonona, na kundi letu halikutofautiana na kundi la kulinganisha. Mkuu wangu anasema hakuna jarida litakalolipokea, tusipoteze muda. Nimweleze nini?

JIBU: Mweleze kwanza kwamba deni mnalodaiwa ni la wagonjwa waliokubali kuandikishwa. Azimio la Helsinki, yaani kanuni za Chama cha Madaktari Duniani kuhusu utafiti unaohusisha binadamu, ambalo kamati za maadili hulifuata, linataka matokeo hasi na yasiyo na uamuzi yawekwe hadharani kama yalivyo matokeo chanya. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2015 kwamba matokeo makuu ya jaribio yawekwe kwenye rejesta ndani ya miezi 12 tangu jaribio limalizike, na makala itoke ndani ya miezi 24. Kama fomu mliyosainiwa na washiriki ilisema kwamba utafiti utasaidia wagonjwa wengine, ahadi hiyo haitimizwi na faili lililokaa kwenye kompyuta ya ofisi.

Halafu mweleze kwamba mambo yamebadilika, ingawa si kwa kiwango cha kujivunia. Mwaka 2004, baada ya kashfa ya paroksetini, wahariri wa majarida makubwa ya tiba walikubaliana kwamba kuanzia mwaka 2005 hawatachapisha jaribio ambalo halikusajiliwa kabla ya kuanza. Sheria ya Marekani ya mwaka 2007 iliongeza wajibu wa kuweka matokeo kwenye rejesta ya ClinicalTrials.gov. Turner aliporudia kazi yake kwa dawa nne mpya za sonona na kuichapisha mwaka 2022, kati ya majaribio 15 ambayo hayakufaulu, saba yaliripotiwa kwa uwazi. Zamani yalikuwa matatu kati ya 36. Bado zaidi ya nusu hayakusemwa kama yalivyokuwa, na uchambuzi wa mwaka 2018 wa majaribio 105 ya dawa hizi ulionyesha kwamba hata jaribio lililoshindwa likichapishwa, lililofaulu hunukuliwa mara tatu zaidi yake.

Kwenye jaribio lenu, kuna sababu ya karibu zaidi. Siku moja mtu ataandika mwongozo wa kutibu sonona kwa wanaoishi na VVU katika nchi zetu, na atakusanya majaribio machache yaliyopo. Majaribio ya Afrika katika uwanja huo si mengi, kwa hiyo moja likikosekana linapotosha jumla kuliko lingekosekana kwenye bahari ya majaribio ya Ulaya. Huenda pia mradi mwingine, Kigoma au Kisumu, unaomba fedha wakati huu ili ujaribu jambo lilelile mlilokwisha kujaribu.

Sasa utekelezaji. Kama jaribio lilisajiliwa katika rejesta ya majaribio ya Afrika, PACTR, inayosimamiwa kutoka Cape Town, ingieni kwenye ukurasa wake, sahihisheni hali ya jaribio kutoka linaendelea hadi limekamilika, na wekeni muhtasari wa matokeo. Hatua hiyo haihitaji ruhusa ya jarida lolote. Andikeni makala mkianza na kipimo kikuu kilekile mlichosajili, mtaje idadi ya washiriki na mpaka wa uhakika wa makadirio yenu, yaani tofauti halisi inaweza kuwa kuanzia ngapi hadi ngapi, ili msomaji aone kama mmethibitisha kwamba hakuna tofauti au mmekosa tu watu wa kutosha wa kuiona. Msigeuze kipimo cha pembeni kilichopendeza kuwa kichwa cha habari. Iwekeni rasimu kwenye medRxiv, tovuti ya makala za tiba ambazo bado hazijapitiwa na wataalamu, mara itakapokuwa tayari, kisha mtafute jarida ambalo sera yake inasema wazi kwamba hupima ubora wa mbinu na si mvuto wa matokeo. Yapo kadhaa, na mengine hupunguza au husamehe ada kwa waandishi wa nchi zenye kipato cha chini. Mkuu wako akiendelea kukataa, andika barua kwa kamati ya maadili iliyowapa kibali, ukiambatisha itifaki, na uulize ripoti ya mwisho ya mradi wenu inatakiwa lini.